Bundi wa Ngezi, Mkarafuu wa Mama

Mtu anayetaka kuwaona ndege wa pwani ya Vumawimbi, kisiwani Pemba, hana budi kuanza na maji, si na saa. Mimi nilikosea jambo hilo mara ya kwanza nilipokwenda huko na darubini ya kuazima: nilifika saa nne asubuhi, bahari imejaa hadi karibu na mizizi ya mivinje, nikaona mchanga mweupe, maji ya buluu na kunguru wawili, basi. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu kivulini aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza ninatafuta nini, na nilipomweleza akanijibu kwa upole, "Mwanangu, hao wanakula kama tunavyokula sisi. Njoo maji yakitoka." Tangu siku hiyo siendi Vumawimbi kabla ya kuuliza bamvua ni lini, kwa sababu siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu bahari ya Pemba hupanda na kushuka karibu mita 4, na yanapokupwa maji hayo huacha wazi uwanja mpana wa mchanga na tope ambao siku za maji mafu hauonekani hata nusu yake.

Safari ninayoieleza hapa niliifanya mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma kavu na mbingu zikiwa safi. Nililala Konde kwa mjomba wangu, na saa kumi na moja alfajiri bodaboda ikanichukua kwa njia inayokatiza katikati ya Msitu wa Ngezi. Asiyeijua sehemu hii ya kaskazini-magharibi ya Pemba huweza kudhani kwamba msitu na pwani ni safari mbili tofauti, lakini hapa ni safari moja, maana hifadhi ya Ngezi–Vumawimbi huanza kwenye mivule na misufi-mwitu mirefu, hupitia kwenye mabonde ya maji yaliyojaa miwale, hugusa mikoko, na kuishia mchangani. Upande wa mashariki wa Rasi ya Kigomasha ndiyo Vumawimbi yenyewe, upande wa magharibi ni Verani, na nchani umesimama mnara wa taa wa chuma uliojengwa zama za Waingereza. Ukiingia msituni alfajiri juu ya pikipiki, baridi hukupiga kifuani ghafla kama vile umefunguliwa mlango wa nyumba ya mawe.

Nilipofika pwani maji yalikuwa yametoka mbali na bado yanatoka. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, walikuwa wametapakaa makumi kwa makumi ukingoni mwa maji, wakikimbia hatua chache, wakidunga mchanga, wakikimbia tena. Miongoni mwao wamo wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, ambao huzaliwa katika nchi za barafu za Siberia kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kukaa nasi miezi ya kaskazi. Sululu walikuwa wachache na walitembea mbalimbali, kila mmoja na sehemu yake. Mdomo wao mrefu umejipinda sawasawa na chombo cha kuchimbia tunachokiita kwa jina hilo hilo, na kila mmoja aliporuka alitoa mluzi wa haraka wa vipande saba hivi ambao, ukishausikia mara moja, huwezi kuuchanganya na mwingine wowote wa pwani hii.

Wote hao ninawapenda, lakini niliyemfuata hasa ni yule ndege mla kaa. Ni mweupe mwenye koti jeusi mgongoni, miguu yake ni mirefu ya rangi ya kijivu yenye ubuluu, na mdomo wake mweusi ni mnene kupita unavyotarajia kwa ndege wa umbo lile. Niliwahesabu kumi na watatu, wamesimama pamoja kwenye ulimi wa mchanga kama watu wanaosubiri chombo. Ndege huyu ana tabia ambayo hakuna mwingine wa jamii ya vitwitwi aliye nayo: hachimbi kitundu cha juujuu ili atagie, bali huchimba shimo refu mchangani, hutaga humo yai moja tu jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Mashimo hayo yako kwenye visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, za Oman, za Bahari ya Sham na za Somalia. Baada ya kuzaa huteremka kusini hadi kwetu, kwa njia ile ile iliyopitwa na majahazi kwa karne nyingi, ingawa ndege hawa hawangoji kaskazi kama manahodha walivyoingoja. Wengi huanza kufika wakati kusi haijamaliza kuvuma.

Kati ya wale kumi na watatu mmoja alikuwa na mgongo wa kijivu badala ya mweusi, na huyo ndiye aliyenifanya nikae chini mchangani kwa muda wa saa nzima. Alikuwa kinda, lakini kinda mwenye kimo cha mzazi wake, na kila mzazi alipopiga hatua naye alipiga hatua nyuma yake, ameinamisha kichwa, analia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Mzazi alikuwa akitembea polepole, akisimama ghafla, akikimbia hatua tatu au nne, kisha akidunga. Kaa akitoka amebanwa katikati ya ule mdomo mnene, alimtikisa kwa nguvu mpaka miguu ikaruka mmoja mmoja, akauweka mwili chini, akautazama, na ama aliumeza mwenyewe au alimwachia mwanawe. Katika ile saa moja kinda alilishwa mara tano. Fikiri kwamba mtoto huyu alitoka shimoni miezi kadhaa nyuma, ameshavuka bahari pamoja na wazazi wake kutoka pwani ya huko juu, na bado analishwa. Ndege wengi wa pwani huyaacha makinda yao yajitafutie tangu wiki za mwanzo. Huyu analea hata ugenini, na kila kaa anayemkosa ni njaa ya wawili.

Ndiyo maana nilisononeka mno ilipotokea pikipiki ikienda kasi juu ya mchanga uliolowa, kijana akiendesha na mwenzake akipiga picha za simu. Kundi zima liliruka. Vitwitwi walirudi baada ya dakika kadhaa, sululu wakahamia mbali, na wala kaa wakavuka kuelekea upande ambao sikuweza kuwafuata kwa miguu. Akina mama waliokuwa wakichokoa pweza mwambani walikuwepo tangu mapema, ndoo vichwani, wakizungumza kwa sauti, na ndege hawakuwajali. Waliwapisha hatua kumi, wakaendelea kula. Ndege amezoea mwendo wa mtu anayetafuta riziki pwani, hajazoea chombo kinachomjia mbio. Maji yakitoka, muda wa kula ni saa chache tu, na kila wanaporushwa wanapoteza sehemu ya saa hizo pamoja na nguvu walizokwisha kuzipata. Nilimsimamisha yule kijana wakati wa kurudi kwake nikamweleza hayo. Alinisikiliza vizuri, akaomba kutazama kwa darubini, na akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Saa tatu hivi nilirudi hadi kwenye geti la hifadhi, nikalipa kiingilio, nikapewa mlinzi wa kunitembeza. Mchana wa msituni sitausimulia sana, kwa kuwa ndege wa Ngezi hunyamaza jua likishapanda, na saa za kati nilizitumia kukaa na kusikiliza majani. Lakini kabla ya jua kukolea, pembezoni mwa msitu ambapo maua yalikuwa yamechanua, tulimwona chozi wa Pemba: dume wa kijani cha kung'aa kama bati jipya, na mkanda wa zambarau kifuani ambao huwaka na kuzimika kadiri anavyogeuka. Kinengenenge wa Pemba walipita kwa kundi, vijindege vya manjano vyenye duara jeupe kuzunguka jicho, wakiitana bila kupumzika na kupekua kila jani. Naye ninga wa Pemba tulimpata juu kabisa ya mtini-mwitu ambao wazee wa kwetu huuita mlandege. Tulimsikia kwanza matunda yakidondoka, kisha tukamwona: kichwa na kifua cha kijivu, mgongo wa kijani, baka la zambarau begani, ametulia kati ya majani kiasi kwamba mlinzi alilazimika kunielekeza kwa tawi, halafu kwa tawi la tawi. Jina hili la ninga washairi wetu walilitumia kumwita mpenzi, na nilipomwona akinyoosha shingo kulifikia tunda bila kutikisa hata jani, sikushangaa kwa nini.

Hao watatu, pamoja na bundi nitakayemweleza, hawapatikani porini mahali pengine popote duniani isipokuwa Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka. Wageni huniuliza mara kwa mara kwa nini iwe Pemba na si Unguja, ambayo ni kubwa zaidi na iko karibu zaidi na bara. Jibu liko chini ya bahari. Mkondo unaoitenga Unguja na bara ni wa kina kifupi, na katika zama za barafu, usawa wa bahari ya dunia uliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mnyama aliweza kutembea kwa miguu, na ndiyo sababu Unguja ilikuwa na chui wake. Mkondo wa Pemba ni shimo la kina cha mamia ya mita, linalokaribia mita 800 mahali pengine, na haukukauka hata bahari iliposhuka kiasi hicho. Pemba imekaa peke yake kwa muda mrefu sana. Chui hakufika, lakini ndege wachache waliofika kwa mbawa walibaki, wakazaliana wao kwa wao, na kizazi baada ya kizazi wakawa wengine.

Wanasayansi waliwaandika mmoja mmoja. Chozi aliandikwa na Mjerumani Reichenow mwaka 1905. Kinengenenge alifuata mwaka 1924, na jina lake la kisayansi limebeba jina la Vaughan, ofisa wa serikali ya kikoloni. Bundi aliandikwa mwaka 1937 na ninga mwaka 1940, wote wawili na Pakenham, ofisa mwingine wa wakati huo aliyewapenda ndege. Kazi hiyo ninaiheshimu kwa dhati, kwa kuwa bila maandishi hayo nisingejua kwamba ndege niliyekua nikimwona ni wa kwetu peke yetu. Hata hivyo natamani mtoto wa Konde au Makangale afundishwe darasani majina ninga, chozi na sululu kabla hajafundishwa majina ya ndege wa vitabu vya ugenini, kwa maana wazee wetu walimtambua ninga na kumpa jina zamani sana kabla Pakenham hajateremka Pemba.

Msitu wenyewe ni mabaki. Ngezi ilivunwa mbao kwa miaka mingi, kulikuwa na kiwanda cha kupasulia magogo ndani yake, na mlinzi alinionyesha sehemu ambazo miti mikubwa iliondolewa na mimea ya kutambaa ikachukua nafasi. Sehemu nyingine za Pemba zilikwishafyekwa na kupandwa mikarafuu. Jambo hilo la mikarafuu nitalirudia.

Usiku tuliingia tena msituni baada ya sala ya isha, mimi na mlinzi, bila mwezi wa kutosha. Sina budi kukiri kwamba niliogopa. Kwetu bundi akilia juu ya paa watoto huitwa ndani, mtu mzima husoma Ayatul Kursi, na bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitupa chumvi motoni akiamini kwamba ndege huyo ameleta habari ya kifo. Nimesoma, nimefundisha, na bado sauti ya bundi gizani hunipitia mgongoni. Mlinzi aliona nimeishika tochi kwa mikono miwili. "Mwalimu, zima taa," akaniambia. "Huyu hatafutwi kwa macho."

Tukasimama gizani. Komba walilia, vyura walilia, tawi lilivunjika mahali fulani likaanguka. Kisha likaja: "hu". Silabi moja, fupi, haipandi wala haishuki. Kimya. "Hu." Kimya kingine, kirefu kidogo. Halafu kutoka upande wa kushoto akajibu wa pili kwa sauti ya juu kidogo, na wote wawili wakaanza kuitana, "hu, hu, hu, hu", kwa mwendo wa nusu sekunde hivi. Hofu yangu haikuondoka kwa kuambiwa. Iliondoka kwa sababu sauti ile haikufanana hata kidogo na kilio nilichokuwa nikikiogopa utotoni. Ilikuwa kama mtu anayepuliza taratibu kwenye mdomo wa chupa. Mlinzi aliwasha tochi yake hafifu, akaielekeza pembeni ya tawi ili isimpige machoni, nikamwona: kibundi cha rangi ya udongo mwekundu, urefu wake haufiki sentimita 20, macho ya manjano, na vishungi viwili vidogo vya manyoya juu ya kichwa. Alitugeuzia uso, akatutazama labda kwa kuhesabu hadi kumi, akaruka bila sauti.

Nilikuwa nimeshawahi kwenda usiku kama huo miaka miwili nyuma pamoja na kundi la wageni, na kiongozi wao alikuja na kipaza sauti kidogo akawa anapiga sauti ya bundi iliyorekodiwa, akairudia, akairudia tena, kila mtu apate picha. Bundi alikuja kweli. Alizunguka juu yetu, akatua, akaruka, akatua tena. Halafu akanyamaza na usiku ule hatukumsikia zaidi. Ndege anayesikia sauti ile hudhani kwamba mwingine ameingia katika eneo lake, huacha kuwinda wadudu wake na kuja kumfukuza mvamizi ambaye hayupo. Kwa ndege ambaye duniani kote hana kwingine isipokuwa kisiwa hiki, na ambaye amewekwa katika orodha ya walio hatarini pamoja na ninga, naona kumrudishia sauti namna hiyo usiku baada ya usiku ni kumwibia. Mlinzi wangu hatumii kifaa chochote. Anajua miti yao, na anajua kungoja.

Kesho yake nilikwenda kwa mama yangu, nje kidogo ya Wete. Nyumba yetu imezungukwa na mikarafuu ya zamani, mingine iliyopandwa na baba wa babu yangu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikaponea, na tangu hapo karafuu ikawa hasa ya kwetu. Mikarafuu iliyozeeka namna hiyo hutoboka: matawi hukatika, maji huingia, pakabaki mapango. Bundi wa jamii hii hutaga ndani ya mapango ya miti, na wa Pemba wanajulikana kuishi katika mashamba ya mikarafuu iliyoachwa ikakomaa kama wanavyoishi Ngezi. Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi bila kuliunganisha na uwanja wa nyumbani kwetu.

Tulikuwa tumekaa barazani baada ya chakula cha usiku nilipoisikia. "Hu." Nikamwekea mama mkono. "Hu."

"Unamsikia huyo, mama?"

"Nani? Huyo chura?" akasema. "Huyo yupo siku zote. Anakaa mkarafuuni, mvua isinyeshe, inyeshe."

"Ni bundi, mama."

Akakataa katakata. Bundi anamjua, bundi ni yule mwenye uso mweupe anayekaa kwenye dari za nyumba mbovu na kupiga ukelele, ambaye wengine humwita babewatoto, na angekuwa huyo asingekaa hapa barazani hata dakika moja. Ikawa dhahiri kwamba kwa miaka yote hiyo mama amelala fofofo chini ya ndege ambaye watu hupanda ndege kutoka Ulaya ili wamsikie, na amelala kwa amani kwa sababu alidhani ni chura. Nikachukua tochi, nikaifunika kwa kitambaa kama nilivyoona kwa mlinzi, tukaenda taratibu hadi chini ya mkarafuu mmoja uliokwisha kukauka nusu. Ilichukua muda. Alikuwa amekaa kando ya tundu, mwekundu kama gome lenyewe, macho wazi.

Mama alimtazama akiwa ameshika pindo la kanga mdomoni. "Mdogo hivi?" akasema, na baada ya kitambo, "Na mwenzake yuko wapi?" Hatukuwa na haja ya kusubiri sana, kwani mwenzake aliitika kutoka kwenye mnazi wa jirani.

Mkarafuu kwetu haukatwi ovyo, una sheria yake, lakini kaka yangu alikuwa ameshaomba ruhusa ya kuiondoa minne iliyokufa ili apande miche mipya, na ule ulikuwa wa kwanza katika hesabu yake. Nilikuwa nikitafuta namna ya kulianza jambo hilo wakati tunarudi barazani. Mama akanitangulia. "Kesho mpigie simu kaka yako," akasema akivua makubadhi. "Mwambie aanze na ile ya upande wa kisimani. Huu auache kwanza."